Udaktari au utafiti wa tiba Ujerumani: nianzie wapi nikiwa Nairobi?

Slaidi_Umoja

Hamjambo wote. Naombeni mnisaidie kufikiri, maana nyumbani tumefikiri mpaka tumechoka.

Nina miaka 21, naishi Umoja na mama. KCSE nilipata A-, udaktari nikaukosa kidogo tu, sasa niko mwaka wa pili wa sayansi ya tiba katika chuo kimoja hapa Nairobi. Shangazi yangu alifariki 2021 kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kliniki, tunapanda matatu saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi foleni. Tangu wakati huo nataka mambo mawili na siwezi kuyatenganisha: kumhudumia mgonjwa mwenyewe, na kujua kile kirusi kinafanya nini ndani ya seli.

Nilipoanza kusoma habari za HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hiyo, nikakutana na jina la Harald zur Hausen, mwanasayansi Mjerumani. Mwaka 1983, akiwa Freiburg, yeye na wenzake waliitambua HPV 16, aina mojawapo ya kirusi hicho, kwenye uvimbe wa saratani hiyo. Baadaye akaongoza kituo cha utafiti wa saratani kule Heidelberg, na 2008 akapewa Nobel. Kutokana na kazi hiyo tukapata chanjo, na Kenya ilianza kuwadunga wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Mdogo wangu amechanjwa. Shangazi alizaliwa mapema mno. Ndiyo sababu jicho langu liko Ujerumani.

Sasa kuna ajenti ana ofisi ya ghorofani huko Tom Mboya. Ameniambia nitasoma udaktari kwa Kiingereza katika chuo cha serikali, nilipe 250,000 kwanza, ndani yake mna "karo ya muhula wa kwanza". Mama ana kipande cha shamba Murang'a na anataka kukiuza. Sitaki auze kabla sijaelewa. Je, nifuate udaktari, au nimalize digrii niende utafiti?

Kutoka_Kariobangi

Mdogo wangu, pole sana kwa shangazi. Mimi niliondoka Kariobangi South 2018 na leo niko mwaka wa mwisho wa udaktari Leipzig. Nitakujibu kirefu kwa sababu nilipokuwa mahali ulipo wewe sikupata wa kuniambia.

Mwambie mama asiuze shamba. Katika vyuo vya umma vya Ujerumani udaktari hufundishwa kwa Kijerumani, na kuingia wanataka kiwango cha C1, yaani Kijerumani cha juu. Karo haipo, ila mchango mdogo wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula, na Heidelberg na Freiburg ulizozitaja ziko huko. Kwa hiyo muulize huyo ajenti, karo ya chuo gani?

Mimi KCSE haikunitosha kuingia moja kwa moja. Nilisoma mwaka mmoja wa Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi kabla ya chuo kikuu, kozi ya M: biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kijerumani. Alama za mwisho pale ni za kufa na kupona, kwa sababu nafasi za udaktari kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya ni hadi asilimia 5 tu. Wewe una miaka ya chuo kikuu tayari, na hiyo huangaliwa wanapopima kama unahitaji Studienkolleg. Tafuta Kenya kwenye anabin, ile hifadhidata yao ya vyeti vya nchi za nje, usome mwenyewe.

Ukishaingia ni miaka sita na ushei. Miwili ya kwanza ni anatomia, fiziolojia, biokemia, halafu mtihani wa Physikum: maswali 320 kwa siku mbili, na sehemu ya kuzungumza mbele ya walimu. Mara ya kwanza nilianguka. Una nafasi tatu, na ya tatu ikikataa hutasoma tena udaktari popote Ujerumani. Mwaka ule niliishi na hofu hiyo kama mtu anayebeba maji kichwani.

Ila ninalotaka ulisikie zaidi ni hili la lugha, maana watu hudhani ni cheti. Kabla ya Physikum lazima ufanye miezi mitatu ya kazi ya uuguzi wodini: kutandika, kulisha, kuosha. Siku moja nilikuwa nikimwinua bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aende msalani. Akanibana kiganja, akasema, "Schwindel." Neno hilo nililijua kutoka gazetini, maana yake ulaghai. Nikadhani ananiambia ameibiwa, nikaanza kumuuliza ni nani amemlaghai, huku magoti yake yanalegea. Muuguzi alikuja mbio tukamkalisha. Kumbe neno hilohilo ndilo kizunguzungu. Bibi hakuumia, lakini niliingia bafu la wafanyakazi nikalia. Cheti changu cha C1 kilikuwa ndani ya faili, kimepigwa muhuri.

Kuanzia siku ile nilitembea na daftari dogo mfukoni. Na wazee wa huku Saxony wana lahaja yao, p inalainika ikawa b, t ikawa d, kwa hiyo hata neno unalolijua linakupita. Nilijifunza kwa kukaa kitandani pao muda wa chai na kuwauliza walizaliwa wapi. Mgonjwa anayeumwa hawezi kukungoja utafsiri.

Sasa swali lako lenyewe. Ukisoma udaktari hujaiacha maabara. Kufaulu mitihani hakukupi "Dr. med.", shahada ya udaktari wa falsafa ya tiba, hiyo hupatikana kwa tasnifu, na wengi huifanya wakiwa bado wanafunzi. Yangu nimeifanya kwenye tishu za saratani ya utumbo, mchana darasani, jioni nakata vipande vyembamba na kuvipaka rangi. Kazi hiyo unaijua tayari. Lakini kinyume chake hakipo: uzamili wa utafiti, hata uzamivu, havitakufikisha kitandani kwa mgonjwa. Kwa mtu anayetaka yote mawili kama wewe, mimi ningesema udaktari, hata kama ni njia ndefu. Ila usiache chuo sasa. Anza A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, jioni, maliza digrii, ukifika B2, ngazi moja chini ya C1, ndipo uamue ukiwa na vyote viwili mkononi.

Ndugu_wa_Ulm

Nakubaliana na dada kwa mengi, lakini niseme upande wa utafiti usionekane mdogo. Mimi nilimaliza digrii Nairobi, nikaja Ulm kwa uzamili wa tiba ya molekuli, wote kwa Kiingereza, miaka miwili. Sasa nafanya uzamivu, na hapa huo ni kazi ya mkataba yenye mshahara. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, pia hufadhili uzamili na uzamivu, lakini udaktari wa kuanzia mwaka wa kwanza usiutegemee kwao. Kama nyumbani hakuna pesa, hesabu hiyo ni nzito.

Na zur Hausen, yule aliyekupa sababu ya kuja, kazi yake kuu aliifanya maabara.

Mzee wa Kahawa West

Binti, mimi kijana wangu alienda mwaka jana. Hapo penye pesa msiparuke. Kwa viza ubalozi unataka uthibitisho kwamba unaweza kujikimu, na wengi hutumia akaunti iliyozuiwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto: euro 11,904 za mwaka mmoja, takriban shilingi milioni 1.8. Zikishaingia unatolewa euro 992 kwa mwezi, si zaidi. Ni zako, si za mtu mwingine, kwa hiyo ukisikia ajenti anataka ziwekwe kwa jina lake, ondoka. Ukiwa huko utaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kwa mwaka, lakini kijana wangu anasema wakati wa mitihani hata siku moja hapati.

Kama lazima shamba liguswe, liguswe kwa ajili ya akaunti hiyo, na barua ya chuo ikiwa mkononi.

Slaidi_Umoja

Asanteni, Mungu awazidishie. Nimemsomea mama yote jikoni. Pale pa bibi na kizunguzungu alizima jiko akaketi. Shamba haliuzwi. Jumamosi naenda Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, kuuliza darasa la A1 la jioni, na kwa ajenti sirudi. Kaka wa Ulm, nitakuandikia nikifika mwaka wa nne, sijaufunga mlango wako.

Dada wa Leipzig, lile daftari uliliandika nini kwanza?

Kutoka_Kariobangi

Maumivu. Stechend ni ya kuchoma kama sindano, ziehend ni ya kuvuta, dumpf ni yale mazito yasiyo na makali. Ukurasa wa pili ni vitu vya kitandani: mto, shuka, beseni. Halafu Schwindel, uiandike mara mbili, na maana zote mbili.