Naomba ushauri: vishikwambi au kompyuta mpakato kwa wanafunzi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafundisha sekondari hapa Ukerewe. Wazazi, wengi wao wavuvi na wauza dagaa, wamechangishana hela: inatosha vishikwambi 20 au kompyuta mpakato 10 zilizotumika. Darasa lina wanafunzi 60.

Kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya 2022 bado kinadunda, na chaji inakaa hata umeme ukikatika. Ila juzi nilimpa binti mmoja aandike insha. Kibodi ilifunika nusu ya kioo, akawa anadonoa kwa kidole kimoja, sentensi ya kwanza haioni tena. Kipindi kikaisha ana mistari minne. Iliniuma, maana kwenye daftari anaandika vizuri sana.

Kompyuta za mtumba nazo betri nyingi zimechoka. Kuna anayenishauri Chromebook, kompyuta mpakato za mfumo wa Google zinazotegemea sana intaneti, lakini mtandao huku ni wa kubahatisha, tena kila modeli ina tarehe yake ya kuacha kupokea masasisho.

Kuna aliyewahi kuchomeka kibodi za kawaida kwenye vishikwambi darasani? Zinadumu? Na Kiwix, ya kusoma Wikipedia bila intaneti, inahitaji memori kadi ya ukubwa gani? Tunanunua Mwanza mjini wiki ijayo, hela za watu hizi naziogopa.