Je, panya wa maabara anaweza kumtabiria mtoto aliyelelewa kwa shida?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita kwenye semina ya wazazi msemaji alitutangazia kwamba mtoto aliyeteseka utotoni ubongo wake umeshaharibika moja kwa moja, na kwamba panya wa maabara wamelithibitisha hilo. Pembeni yangu alikaa mama anayelea mtoto wa marehemu dada yake, mtoto aliyemchukua akiwa na miaka miwili, amekonda na ana alama za fimbo. Niliona alivyoinamisha uso. Nimekataa kauli ile, na naileta hapa tuijadili kwa hoja.

Majaribio yapo, sibishi. Mwaka 2004 timu ya Michael Meaney na Moshe Szyf wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ilionyesha kuwa panya aliyelelewa na mama asiyemlamba sana katika wiki ya kwanza hukua mwoga, na homoni zake za msongo huchelewa kushuka. Jeni inayousaidia ubongo kuzituliza homoni hizo ilikutwa na alama za kikemikali zinazoibana. Msemaji aliishia hapo. Hakusema kwamba vitoto vya mama asiyelamba vilipohamishiwa kwa mama mlambaji vilifuata malezi ya mlezi, havikufuata damu ya aliyewazaa. Wala hakusema kwamba panya waliokwisha kukua, walipodungwa dawa ubongoni, alama zile zilipungua na mwili wao ukaupokea msongo kama wenzao. Sasa huko "kuharibika moja kwa moja" amekutoa wapi?

Mwalimu wa Baiolojia:
Mkuu, nakuunga mkono nusu. Hao wa McGill ni panya wa aina kubwa. Wale wadogo wanaoenea kiganjani wana habari nyingine. Mwaka 2017 Catherine Peña na Eric Nestler, New York, walitenga vitoto na mama yao saa kadhaa kila siku, kuanzia siku ya 10 hadi ya 20, na wakapunguza matandiko. Walipokua, ukiwatazama hivi hivi huoni tofauti kubwa. Lakini walipowekwa na dume mkali anayewashambulia siku baada ya siku, wao ndio waliosalimu amri upesi na kuwakwepa wenzao. Jeraha lilikuwepo, lilikuwa linasubiri pigo la pili. Tukimwambia yule mama kwamba hakuna kitu, tutakuwa tumemdanganya na sisi.

Mtu wa Maabara:
Nimefanya kazi kwenye chumba cha wanyama, niseme nilichokiona. Kuna njia ya kuvitia vitoto msongo iliyoenezwa na maabara ya Tallie Baram huko Irvine, California: mama anabaki na vitoto vyake, ila anapewa tandiko haba juu ya wavu, kuanzia siku ya 2 hadi ya 9. Mama huyo havikimbii vitoto vyake. Anaanza kulamba, anaacha, anatoka, anarudi, anakikanyaga kimoja, anaanza upya. Maziwa wanapata. Wanachokosa ni utulivu, hawajui mama atafanya nini dakika ijayo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo, kuliko kwenye neno "mateso".

Halafu kuna suala la vipimo. Woga hupimwa kwenye kijukwaa cha msalaba kilichoinuliwa: njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi, na panya mwoga hujibanza penye kuta. Mwaka 1999 maabara tatu, za Albany, Edmonton na Portland, zilitumia panya wa koo zile zile na vifaa vya namna moja, na bado majibu ya baadhi ya vipimo yalitofautiana, kikiwemo hicho cha woga. Mwaka 2014 McGill wakaonyesha kuwa hata harufu ya mtafiti mwanamume huwatia panya msongo. Anayesema "panya wamethibitisha" kwanza aseme panya gani, wa maabara ipi.

Mama wa Watatu:
Mimi nauliza, kwa nini tuendelee kuvitesa viumbe vichanga wakati watoto wenyewe wameshatufundisha? Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuanzia mwaka 2000, walifuatiliwa watoto 136 wa vituo vya yatima, baadhi wakapelekwa kwa familia za kulea. Waliotoka kituoni mapema, kabla ya miaka miwili hivi, ndio walioinuka zaidi.

Mleta mada:
Mama, hoja yako ni nzito, lakini Bucharest hakuna aliyeweza kufungua ubongo kuona kilichobadilika. Kwa panya jambo hilo linawezekana, na vitoto vinavyolipia ujuzi huo visilipishwe zaidi ya lazima.

Mwalimu, hapo kwenye jeraha linalosubiri nimekubali, nilipitiliza. Ila tumalizie na upande wa pili wa jaribio lako: protini iitwayo Otx2 ilishuka kwenye ubongo wa vitoto wale, na watafiti walipoirudisha wakiwa bado wadogo, udhaifu wa baadaye haukujitokeza. Jumamosi hii semina inaendelea. Nitainua mkono, na nitaanza na vile vitoto vilivyohamishiwa kwa mama mwingine. Nimeshampigia yule mama, amesema atakuja.