Nyoka wangu, boa wa upinde wa mvua, amejivua gamba vipande vipande, jicho lina ukungu. Nisaidieni

BintiPangani (Minneapolis, Marekani)
Wakuu, habari za jioni. Tangu Septemba nafuga boa wa upinde wa mvua wa Brazili. Ni jike, hajafikisha mwaka, na ni ile aina isiyo na wekundu: wenzake wana rangi ya chungwa na miduara myeusi, yeye ni kijivu na fedha. Ukimmulika tochi, kijani na zambarau zinamtembea mgongoni. Niliweka akiba miezi minane ili nimnunue.

Juzi kajivua gamba, na halikutoka zima. Limetoka vipande vipande, kingine kimeng'ang'ania ncha ya mkia, na jicho la kushoto limebaki na ukungu. Kipanya cha Jumapili hakukigusa. Anakaa kwenye tenki la kioo lenye kifuniko cha wavu, taa ya joto iko juu. Kipima unyevu kinasoma asilimia 45. Aliyeniuzia alisema wa rangi adimu huwa dhaifu. Ni rangi kweli? Na huo utando wa jicho niutoe kwa kibano?

KobeMzee
Dada, kibano weka mbali kabisa. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo hutoka pamoja na ngozi. Ukivuta la zamani unaweza kung'oa na jipya lililo chini, ukaliharibu jicho.

Tatizo ni hiyo 45. Huyu asili yake ni misitu ya Amazoni, na akiwa mdogo anataka 80 hadi 90. Huko kwenu sasa hita zinawaka usiku na mchana, hewa ya ndani imekauka, halafu taa na wavu vinamaliza unyevu uliobaki. Ondoa taa, tumia mkeka wa joto wenye themostati (kidhibiti joto), kisha ziba sehemu kubwa ya wavu. Upande wa joto uwe nyuzi za Selsiasi 28 au 29, wa baridi 24. Usikaribie 32, hawa joto kali linawaua. Chini tandika maganda ya nazi yenye kina, mwagia maji pembeni. Mwekee na kikopo chenye tundu, ndani ujaze kuvumwani mbichi (mimea laini inayoshika maji). Atajificha humo mwenyewe.

Sharifa_M
Nakubaliana, ila usigeuze tenki kuwa tope. Juu pawe pakavu kidogo, chini ndiyo pawe na unyevu, na hewa ipite. Mimi wangu alitoka malengelenge tumboni kwa kulalia maji.

Mkia usiuache hivyo hivyo. Ngozi ikikaza pale inazuia damu, ncha inakufa. Mlaze dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kina cha mwili wake, usitoke hapo alipo, kisha mpitishe kwenye taulo lililolowa.

Mwalimu wa Baiolojia
Kuhusu rangi: alichokosa ni chembe nyekundu tu. Ni urithi uliojificha, lazima baba na mama wote wawe nao. Mng'ao nao hautokani na rangi, ni muundo mdogo mno wa magamba unaopasua mwanga. Msimtwike mnyama ugonjwa kwa sababu ya ukijivu wake.

Mama Zuhura
Mwanangu, mimi huyo hata picha sifungui. Lakini ana sumu? Una mtoto ndani?

BintiPangani
Hana sumu mama, shikamoo. Mtoto hamgusi bila mimi kuwepo, na tunanawa kwa sabuni kila mara kwa ajili ya bakteria wa salmonela.

KobeMzee
Chakula usimlazimishe. Mpe nafasi wiki nzima. Jicho likibaki vile baada ya kujivua tena, au likivimba, nenda kwa daktari anayetibu reptilia.

BintiPangani
Mrejesho, wiki ya tano. Mkia ulisafika siku ile ile ya maji. Unyevu sasa hausomi chini ya 82. Jana asubuhi nimekuta gamba zima ndani ya kikopo, limegeuka nje ndani kama soksi, na vifuniko vya macho vyote viwili vimo. Usiku nilizima taa ya chumba, nikamtolea kipanya. Kakipokea.