Somo la kamera kuwa somo la simu: ni maendeleo au chuo kinakwepa gharama?

Mzaramo Halisi: Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mdogo wangu anasoma stashahada ya uandishi wa habari hapa Dar. Muhula huu wameambiwa somo la kamera limegeuka "habari kwa simu", kila mtu aje na yake. Ada haijashuka hata shilingi.

Simu siipingi. Reuters waliwajaribishia waandishi wao Nokia N95 tangu 2007, na Juni 2024 tuliona vijana wa Nairobi wakirusha mubashara maandamano ya Muswada wa Fedha. Kinachonikera ni darasani. Mwenye simu kali anapata A. Mwenye simu ya laki na nusu, nafasi imejaa, chaji inakata katikati ya mahojiano. Hapo kinachosahihishwa ni habari au mfuko wa mzazi?

Fundi Mitambo: Mkuu, nimebeba kamera begani miaka mingi. Chuoni kwetu kamera ilikuwa moja, sisi darasa zima. Niliishika mara mbili mpaka nahitimu! Simu dogo anayo kila siku, atakosea kila siku, atajifunza. Ila wamfundishe kweli. Aweke hali ya ndege kabla ya kurekodi, la sivyo mama akipiga klipu inakatika. Akitaka picha ya karibu asogee kwa miguu, asivute kwa vidole. Apate maiki ya kubana kolani, maana upepo wa feri unameza sauti yote. Na video akituma WhatsApp aitume kama faili, isifike imebanwa.

Bibi wa Chumbageni: Wanangu, mnaongelea vyombo tu. Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Morogoro, picha za walioungua zilizagaa kwenye magrupu hata ndugu hawajajua. Waliopiga walikuwa na simu hizo hizo. Sasa huyo mwanafunzi atatofautiana nao kwa lipi, maiki ya kolani? Mimi ningeuliza somo hilo lina vipindi vingapi vya kujua wakati wa kutorekodi.

Fundi Mitambo: Shikamoo Bibi. Hapo sina jibu.

Mzaramo Halisi: Bibi umenipiga chenga, hilo sikuliwaza. Lakini hoja yangu iko palepale. Kanuni za Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinamtaka mwandishi awe na stashahada, kwa hiyo dogo hawezi kususa chuo akajifundishe mtaani. Basi chuo kinunue simu kadhaa za kazi, ziazimwe kwa kusaini daftari kama kamera zilivyokuwa. Bei ya kamera moja ya studio inazitosha.

Kesho ana zoezi soko la Ilala. Ameondoka na simu yangu, hapa naandika kwa ya mke wangu, na mfukoni nimebaki na kiswaswadu.