Cherry Pillman (England 1910–1914): alibadilisha nini hasa kwenye uchezaji wa mafowadi?

Flanka_Mzee: Wakuu, kila historia ya raga inamtaja Charles "Cherry" Pillman wa klabu ya Blackheath kama baba wa flanka (fowadi wa pembeni mwa skramu) wa kisasa. Alifanya nini ambacho wenzake hawakufanya? Na ni kweli kwenye ziara ya 1910 ya timu ya Visiwa vya Uingereza huko Afrika Kusini alichezeshwa flaihafu (beki anayepokea mpira kutoka kwa skramuhafu na kuuelekeza mchezo) kwenye test, yaani mechi rasmi kati ya timu hizo, ilhali ni fowadi (mmoja wa wanaosukuma skramu)?

SkramuNane: Mkuu, enzi hizo fowadi wengi Uingereza hawakuwa na nafasi maalumu kama leo. Aliyewahi kufika kwenye skramu (mafowadi wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira) aliingia mstari wa mbele, waliochelewa wakajipanga nyuma, na kazi ya wote ilikuwa ileile: kusukuma na kuusogeza mpira kwa miguu. Pillman alikaa ukingoni mwa skramu. Skramuhafu wa wapinzani, yule anayeuchukua mpira nyuma ya skramu, akiutoa tu, yeye ameshachomoka, na hamtafuti huyo skramuhafu bali flaihafu. Huyo akidaka anajikuta hana nafasi: ama aangushwe na mpira mkononi, ama aupige teke bila kulenga. Mabeki walio nje yake wanabaki watazamaji.

Ugumu uko kwenye kupima muda. Ukichomoka mapema unaupita mpira, ni ofsaidi, na penalti ilikuwa pointi 3, sawa kabisa na trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) ya wakati huo. Ukichelewa, pasi imeshakwenda. Halafu skramu inapungukiwa msukumaji, kwa hiyo saba waliobaki lazima wawe na nguvu za kweli. Watu wanaoiga mtindo huu husahau hilo.

Msimchanganye na Dave Gallaher wa New Zealand, 1905. Gallaher alibaki nje ya skramu na ndiye aliyeingiza mpira, ndiyo maana Waingereza walimlaumu kwa kuzuia njia. Pillman alikuwa ndani ya skramu kwanza.

KonaYaTwickenham: La flaihafu ni kweli. Test ya kwanza hakucheza, Afrika Kusini wakashinda 14-10. Ya pili, Port Elizabeth, akapewa namba ya flaihafu na Waingereza wakashinda 8-3. Kwa hesabu za enzi zile: trai mbili za Spoors na Neale (3+3), na konvesheni moja, teke la nyongeza baada ya trai (2), aliyoipiga Pillman mwenyewe. Kwa pointi za leo ingekuwa 12-5.

Ila tusimpambe kupita kiasi. Test ya tatu, Cape Town, walifungwa 21-5 na mfululizo ukapotea. Fulubeki wao, yaani beki wa mwisho, aliumia mapema, na kwa kuwa hakukuwa na wachezaji wa akiba, walimaliza na watu 14.

Kwangu mimi siri ya siku ile ya Port Elizabeth si miujiza. Mtu aliyezoea kuwawinda maflaihafu anajua hasa ni wakati gani wanabanwa.

Flanka_Mzee: Asante sana. Mechi 18 alizoichezea England kwa miaka mitano si chache?

SkramuNane: Si chache hata kidogo. Kati ya 1910 na 1914 England ilicheza mechi 21 tu: nne kila msimu za Mataifa Matano, na moja dhidi ya Afrika Kusini mwanzoni mwa 1913. Alianza Januari 1910 dhidi ya Wales, mechi ya kwanza ya kimataifa Twickenham, England wakashinda 11-6. Mwaka 1913 walishinda mechi zote nne za Mataifa Matano, wakarudia 1914.

KonaYaTwickenham: Na hiyo 1914 hakuimaliza. Alivunjika mguu dhidi ya Scotland, kwenye uwanja wa Inverleith, siku England iliposhinda 16-15. Mechi iliyofuata, na Ufaransa, nafasi yake aliichukua mdogo wake Robert. Ikawa mechi pekee ya Robert kwa England. Aliuawa vitani 1916. Cherry alitoka vitani na nishani ya Military Cross, akaendelea kuichezea Blackheath, lakini England hakuichezea tena.