Fundi kakaza bolti za bushi gari ikiwa inaning'inia juu ya jeki, nimepoteza 658,000 halafu ananiambia gari ni zee

Wakuu habari zenu. Nimevumilia wiki tatu nimeshindwa, naomba mnisome mpaka mwisho na asije mtu kuniambia nitulie, maana hela iliyokwenda hapa ni ya mtaji.

Nina Mark II GX 110 ya 2002. Hiyo gari ndo inanilisha. Jumanne natoka Mkolani na marobota ya vitenge naenda Sengerema, Ijumaa Geita, zamani ilikuwa unaamka usiku kuwahi kivuko pale Kigongo ila tangu daraja lifunguliwe unakatiza kilomita 3 juu ya maji unaendelea na safari zako. Sasa kuna kipindi nyuma ikaanza kugonga, ukipita matuta ya Buhongwa unasikia ko ko ko upande wa kushoto, na ukiwa kwenye lami nzuri kuanzia Usagara ukiachia mafuta kidogo mkia unahama, yani unaona kabisa mbele inaenda huku na nyuma inataka kwenda kule. Nikaangalia tairi za nyuma nikakuta upande wa nje kashata bado ipo vizuri, upande wa ndani imeliwa mpaka waya zinachungulia.

Nikaenda gereji moja maeneo ya Nyakato, jina lake silitaji maana sitaki kesi, niliambiwa ni fundi mzuri wa miguu. Akainua gari, akaingiza bomba kwenye zile amu za nyuma, yani vyuma virefu vinavyoshika tairi kwenye bodi, akatikisa, akaniita niangalie. Na kweli bushi, zile raba zenye chuma ndani na nje zinazokaa kwenye maungio ya amu, zilikuwa zimekwisha, raba imepasuka mpaka kidole kinaingia na kile kibomba cha katikati kimelala upande mmoja. Hapo sina ugomvi naye, ugonjwa aliupata. Akasema zinatakiwa bushi sita, akanipa kijana wake anipeleke duka analolijua yeye, 18,000 kila moja, jumla 108,000. Ufundi 70,000. Tairi mbili mpya 290,000. Nikalipa vyote siku hiyohiyo na sikuomba kupunguziwa hata mia.

Sasa mimi nilikaa pale kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwahiyo ninachosema nimekiona kwa macho yangu. Bushi za zamani alizichoma moto raba ikaungua, moshi mweusi mtaa mzima. Mpya akazipaka grisi akaziingiza kwa nyundo. Nyundo jamani! Presi, ile mashine ya kusukuma bushi taratibu, hana, anaweka kipande cha chuma juu anagonga mpaka inazama. Nikamuuliza fundi hii haiharibiki, akasema dada wewe kaa tu kwenye benchi hii kazi nimeifanya miaka mingi. Alafu akarudisha amu zote na kukaza kila bolti kwa nguvu zake zote huku gari bado iko juu, tairi hazipo, miguu inaning'inia. Akashusha, akapangusa mikono, akasema tayari. Alaimenti, yani kunyoosha tairi zikae sawa, hakuitaja kabisa, na zile bolti zenye visahani vya alama vya kurekebishia tairi za nyuma alizifungua bila hata kuweka mstari wa chaki kujua zilikuwa zimekaa wapi.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi. Wiki ya tano ko ko ko ikarudi. Wiki ya saba natoka Geita jioni na mdogo wangu, tuko katikati ya daraja upepo wa ziwa unapiga ubavuni, gari ikayumba nyuma mpaka mdogo wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili akaanza kusali kwa sauti. Niliendesha mpaka nyumbani kwa spidi ya bajaji, mikono inatetemeka.

Nikarudi kwa yule fundi. Unajua alichoniambia? Eti bushi ni feki. Nikamwambia si kijana wako ndiye aliyenipeleka dukani? Akageuka, eti dada gari lenyewe zee hili, litakusumbua mpaka uliuze. Nikazidi kumbana akaniambia mwambie shemeji aje tuongee kiume. Wakuu gari ni yangu, kadi ina jina langu, hela niliyompa nimeitoa kwenye pochi yangu, sasa shemeji aje kuongea nini? Hiyo kauli imeniuma kuliko hata hela.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja huku Igoma, gereji yake ndogo tu chini ya mwembe lakini presi anayo. Akatoa zile bushi akaniwekea mkononi moja moja. Kati ya sita, nne zilikuwa zimekufa. Gamba la nje la chuma limekunjamana mdomoni kama kizibo cha soda kilichofunguliwa kwa meno, hiyo ni nyundo. Grisi imeifanya raba ivimbe na kulainika, ukiibonyeza inanata kwenye kidole. Na moja ilikuwa na matundu mawili kwenye raba ambayo yanatakiwa kuelekea upande maalum, kuna alama kabisa kwenye bushi na kwenye amu, jamaa kaifunga imegeuka. Ila kilichoniondoa akilini ni raba zenyewe zilivyochanika, zimechanika kwa kuzunguka, kama kitu kilichonyongwa.

Mzee akanifafanulia. Bushi ya raba haizunguki kama bearingi, raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na chuma cha nje, ukikaza bolti kile chuma cha ndani kinashikwa hakiendi popote, kwahiyo amu ikipanda na kushuka ni raba ndo inajinyonga na kurudi. Sasa ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, raba inaona kuning'inia ndo mkao wake. Ukishusha gari chini inanyongwa hapohapo na inabaki imenyongwa usiku na mchana hata ukiwa umepaki umelala, kama kitenge umekikamua ukakiacha kimesokotwa hivyohivyo. Kila shimo linaongezea juu ya mnyongo ambao tayari upo. Hapo hata ununue bushi ya bei gani inachanika tu.

Na dawa yake ni nini? Kushusha gari! Basi! Mzee aliingiza bushi kwa presi na maji ya sabuni ya unga, akafunga bolti zote zikashika tu bila kukaza, akarudisha tairi, akashusha gari ikasimama juu ya magogo manne mapana ili apate nafasi ya kuingia chini, akaniambia binti yangu hebu kalia buti uinuke mara tatu nne gari ikae mkao wake, nikafanya, ndo akaingia kule chini akakaza. Nimeangalia saa kwenye simu, hiyo ya kushusha na kukaza haikuzidi robo saa. Robo saa! Nimekatwa hela zote hizi na kunusurika kuingia ziwani kwasababu ya mtu kushindwa kutoa robo saa.

Kwa mzee bushi nne 100,000, ufundi 60,000, alaimenti ya tairi zote nne 30,000. Na tairi zangu mpya za 290,000 nazo upande wa ndani zimeshaliwa nusu, hazitafika mwezi mwingine. Jumlisheni wenyewe.

Zile bushi nne ziko kwenye mfuko wa rambo ndani ya buti. Jumamosi naenda Nyakato nazimwaga mezani kwake mbele ya wateja wake, nataka 178,000 yangu ya bushi na ufundi, tairi nitamsamehe. Na siendi na shemeji wa mtu, naenda mwenyewe.

Nyie mnaopeleka magari kufungwa bushi simameni pale, fundi akishika spana kukaza na gari iko hewani mwambieni ashushe kwanza, akikataa chukueni funguo yenu muondoke. Alafu kama kuna mtu anajua fundi mwenye presi Sengerema mjini aniwekee hapa, wifi yangu ana Noah imeanza kugonga nyuma na anataka kuipeleka gereji wiki ijayo.