"Assiduous", "diligent", "industrious": yote ni "-enye bidii"?

Mpekuzi wa Kamusi:
Wakuu, kamusi yangu inatafsiri maneno haya matatu kwa "-enye bidii" tu. Kwenye barua ya kuomba kazi ya uhasibu niandike lipi? Na hilo "assiduous" linatamkwaje?

Mwalimu wa Zamu:
Mkuu, yote yana bidii, ila si bidii ya aina moja. "Assiduous" asili yake ni Kilatini "assidere", kukaa kando ya kitu. Basi mwone mtu aliyeketi na kazi yake, haondoki. Neno linasifu kule kurudi kwenye jambo lile lile kila siku bila kulegea. "Diligent" limetokana na "diligere", kupenda na kuthamini, nalo linasifu uangalifu: karani anayehakiki hesabu mara mbili bila kuambiwa. "Industrious" ndilo lililo karibu na mchapakazi wetu, mtu asiyekaa bure.

Matamshi: mkazo uko silabi ya pili. Uingereza ni a-SID-yu-as, Marekani a-SIJ-u-as. Kwenye tahajia wengi hudondosha s moja, au huandika "-ious" mwishoni. Ni "-uous".

Mhariri Mstaafu:
Naongeza upande wa sarufi. Likifuatwa na kitenzi, tumia "in" na "-ing": "She was assiduous in checking every receipt". "Assiduous to check" ni kosa. Hueleza pia kazi yenyewe, kama "assiduous research". Kielezi chake, "assiduously", kina mtego. "He assiduously avoided me" ukiitafsiri "alinikwepa kwa bidii" inachekesha. Sema "alihakikisha hatukutani kabisa".

Kwa barua yako, chagua "diligent". "Assiduous" ni neno la maandishi mazito. Mdhamini akikusifia nalo linapendeza, ukijisifia mwenyewe linasikika limechomolewa kamusini. Na hata "diligent" haitoshi peke yake. Iwekee tendo: "I reconciled the cash book with the bank statement every month". Mwajiri anaamini sentensi hiyo kuliko sifa tatu mfululizo.

Mpekuzi wa Kamusi:
Nimeelewa. Nilikuwa nimeshaandika "I am an industrial person".

Mhariri Mstaafu:
Futa haraka! "Industrial" ni -a viwanda. Mtu ni "industrious".